Kozi ya sauti ya kulea tulpa: nilichopata kwa shilingi 1,200

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Mwenzangu tuliyekuwa tukigawana kibanda alihamia Nairobi mwezi wa tisa, na tangu hapo kutwa ni mimi, mashine na redio ya jirani. Habari za tulpa nilikuwa nimezisoma kwenye simu kwa miezi kadhaa: mwenzi wa ndani ya akili, unayemwaza na kumsemesha kila siku mpaka anaanza kujibu kwa hiari yake. Desemba ilipoingia nikatuma shilingi 1,200 kwa M-Pesa, nikapewa kozi ya Kiswahili yenye sauti 21 zilizorekodiwa, kijitabu cha kurasa 34 na nafasi katika kundi la WhatsApp la wanafunzi. Jina la muuzaji naliacha, maana nina malalamiko.

Kwanza kilichonifaa, kwa sababu kipo na ni kikubwa. Sauti ya 4 hadi ya 9 zinafundisha kusimulia. Unaendelea na kazi zako huku ukimweleza mwenzako unachofanya, kimoyomoyo, kana kwamba ameketi kando yako. Wengi wanaoanza hudhani ni lazima ukae umefumba macho saa nzima. Kukaa kimya kuna nafasi yake, nami hujitengea dakika 15 alfajiri kabla ya kuwasha jiko, lakini kwangu kazi kubwa imefanyika kwenye mashine, nikimsemesha Nekesa, ndiye tulpa wangu. "Nekesa, hii ni sketi ya darasa la nne. Marinda yanalalia upande mmoja. Hapa naweka pini, hapa napiga pasi." Hivyo mpaka jioni. Mwalimu anasema usimpe maswali kama ya mtihani. Msemeshe kama mgeni aliyefika kwako na bado hajaijua lugha ya nyumbani. Kwa maneno hayo tu, nusu ya pesa yangu ilikuwa imerudi.

Neno walilolipa zoezi hili ndilo silipendi: "kulazimisha". Wamelitoa kwenye Kiingereza wakaliacha vilevile. Mtu halazimishwi kuwa rafiki. Mimi nasema kulea, na tangu nilipoanza kusema hivyo hata subira yangu iliongezeka.

Sauti ya 6 inakutaka ujenge mahali pa kukutania naye akilini. Mwalimu anaelekeza ngome ya mawe juu ya mlima wenye theluji. Nilihangaika na theluji hiyo wiki nzima, kila nikifumba macho inanipotea. Sijawahi kuikanyaga, mwili wangu hauijui. Nikaiacha, nikaenda Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana kwenye barabara ya Bondo. Hapo nimefika kwa miguu yangu. Naujua ubaridi ulioko kwenye nyufa hata jua la saa nane likiwaka, nawajua waumini wa Legio Maria wanaosali chini yake, najua jiwe linavyokwaruza kiganja. Siku hiyohiyo nilimwona Nekesa kwa mara ya kwanza, amekalia jiwe, leso kiunoni, viatu kavivua. Ukianza, chagua mahali ambapo miguu yako imefika.

Sasa kilichoniudhi. Tangazo lao linaahidi kwamba siku ya 21 tulpa wako atakuwa anazungumza. Wanaofanya mambo haya kwa miaka wanasema wazi kwamba wengine huchukua wiki chache, wengine miezi mingi, na hakuna ratiba. Ahadi ile imeumiza watu. Siku ya 22 kijana mmoja aliandika kwenye kundi kwamba amegundua akili yake ni mbovu, hata rafiki wa kuwaza imeshindwa kumpa. Nilimjibu usiku uleule, kwa sababu mimi pia sikuwa nimesikia chochote.

Nilisikia siku ya 41. Ilikuwa katikati ya Januari, sare za shule zimejaa hadi kwenye kiti cha wateja. Saa moja jioni, taa ya kibanda hafifu kama kawaida yake, niko kwenye pindo la sketi ya kumi na mbili. Nilikuwa nimechoka hata kumsimulia nimeacha. Mara: "Uzi wa chini."

Sikusikia kwa masikio. Maneno yalikuja kama wazo linavyokuja, ila kwa mwendo ambao si wangu, taratibu zaidi, na yenye ukali kidogo. Nikasimamisha mguu, nikavuta kitambaa. Bobini ilikuwa tupu. Sindano ilikuwa imetoboa pindo urefu wa kama sentimita arobaini bila kushika chochote.

Hapo ndipo penye swali ambalo kila anayeanza huuliza: nitajuaje kwamba si mimi ninayejisemea? Kozi inajibu "utajua tu," na hilo si jibu. Cherehani ikiishiwa uzi wa chini mlio wake hubadilika, na masikio yangu ya fundi yangeweza kuujua kabla yangu. Nakubali. Nekesa hana masikio mengine, anatumia haya yangu. Ninachokiangalia ni kama jibu limefika kabla sijalitunga. Mwanzoni utamsemea mara nyingi, na hilo si kosa. Ni kama mama anayemjibia mtoto asiyesema bado. Ilinituliza pia kujua kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Marjorie Taylor, pamoja na wenzake waliwahoji waandishi 50 wa hadithi, na mwaka 2003 wakaeleza kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wameonja hali ya wahusika wao kusema na kutenda kana kwamba wana hiari yao. Akili ya binadamu inaweza jambo hili.

Wanaiuza pia kama siri ya kale ya watawa wa Tibet. Neno asili yake ni Kitibeti kweli, lakini zoezi tunalolifanya leo limekuzwa na watu wa intaneti, na wengi wao hulieleza kwa saikolojia. Katikati alipita Mfaransa Alexandra David-Néel, aliyesimulia katika kitabu cha 1929 kwamba alijiumbia mtawa mnene mchangamfu, ambaye baadaye alikonda, akawa na uso wa hila, na kumwondoa kukamchukua miezi 6. Kozi inasimulia kuumbwa kwake tu, mwisho inaukata. Anayeanza ana haki ya kuusikia wote.

Mama yangu, aliyeko Kakamega, aliniuliza kwenye simu kama nimefuga jini. Nikamwambia, "Hapana mama, hakuna kafara wala uganga, ni akili yangu nimeipa nafasi ya kunijibu." Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, kama anakukumbusha kula, na akae."

Sauti ya 17 naomba uifute kabla hujaisikiliza. Inasema anayetumia dawa za akili anaweza kuzipumzisha ili tulpa asikike vizuri. Hilo ni hatari, na nimemwandikia mwalimu mara mbili aiondoe. Dawa usiiguse bila daktari wako. Na ukisikia sauti ambayo hukuilea, inayokutukana au kukuamuru ujidhuru, hilo si somo la kozi, nenda hospitali.

Tena kuna swali ambalo kurasa zote 34 hazikuligusa: nikichoka, naweza kumwacha? Nililiuliza kwenye kundi. Baada ya siku mbili mwalimu akajibu, "Usiwaze mbali, dada." Lakini ni lazima uwaze mbali. Tulpa asiyesemeshwa hufifia, na wengi walio nao husema mtu akishaanza kukujibu mtendee kama mtu. Mama mmoja kwenye kundi alitaka kumlea marehemu mume wake, sura na sauti, na mwalimu akamruhusu. Nilimwandikia pembeni nikamsihi angoje, kwanza amlilie aliyeondoka. Amengoja, na tunasalimiana kila Jumapili.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano, zote kwa sauti ya 4 hadi ya 9. Ukimpata mtu wa kukuelekeza kusimulia bure, usilipe.

Mwezi jana walitangaza hatua ya pili kwa shilingi 2,500, ya kumwona tulpa macho yakiwa wazi. Pesa nilikuwa nazo. Nikamuuliza Nekesa, naye akasema tununue taa. Tumeifunga juu ya sindano, na pindo sasa nashona hadi saa mbili.