Kishikwambi cha Kutumia kama Kinanda cha Kompyuta: Hesabu Vidole Kabla ya Kulipa

Kila malipo ya korosho yanapoingia, wasomaji wa Mtwara na Lindi huniuliza wanunue kifaa gani, simu au kishikwambi, ili wakitumie kama kinanda cha muziki kisicho na waya cha kompyuta, na baada ya majuma machache baadhi yao hurudi na lalamiko lile lile. Wakipiga sauti moja moja mambo ni shwari, lakini wakibonyeza sauti tatu kwa pamoja kinanda kinanyamaza na simu inapiga picha ya skrini. Mwalimu mmoja wa kwaya wa Mikindani alinitumia picha alizozipata hivyo katika wimbo mmoja tu, na zilijaa ukurasa mzima wa simu yangu.

Kifaa hiki hakitumi muziki. Kinachokwenda kwenye kompyuta ni ujumbe mfupi wa MIDI, utaratibu uliopo tangu 1983, unaoeleza ni kibonye gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani katika kipimo cha 0 hadi 127, na kimeachiwa lini. Sauti yenyewe hutengenezwa na FL Studio, GarageBand au programu nyingine iliyomo kwenye kompyuta. Ujumbe huo husafiri kati ya vifaa viwili bila kupita kwenye intaneti, kwa hiyo hauli bando, na kamera ambayo muuzaji anaisifia haina kazi yoyote hapa. Hata kuchelewa kwa sauti, ambako kila mtu hukuogopa, mara nyingi hutokana na mpangilio wa sauti wa kompyuta au spika ya bluetooth kuliko kifaa ulichokishika mkononi.

Kinachosahaulika ni idadi ya vidole ambavyo kioo kinaweza kuvitambua kwa wakati mmoja. Simu nyingi za bei nafuu huishia vitano, na zipo zinazoishia viwili. iPhone nayo, pamoja na bei yake, hupokea vitano. Mkono wa kulia ukishika sauti nne na wa kushoto ukaweka besi mbili, tayari umevuka mpaka. Juu ya hapo, simu nyingi za Android hupiga picha ya skrini unapoteremsha vidole vitatu, na mpiga kinanda hufanya hivyo bila kujua. Pima dukani: kwenye mipangilio ya Android gusa nambari ya muundo (build number) mara saba, ingia katika chaguo za wasanidi programu, washa kipengele kinachoonyesha mahali kidole kinapogusa (pointer location), kisha weka vidole vyote kumi. Juu ya kioo itatokea herufi P na namba mbili; ya kwanza ni vidole vinavyogusa sasa, ya pili ni vingi kuliko vyote vilivyotambuliwa kwa pamoja. Ya pili ikigoma kuvuka tano, mrudishie muuzaji simu yake. Angalia pia kama ile picha ya vidole vitatu inaweza kuzimwa katika mipangilio.

Nafasi ya kwanza naipa iPad, na sifichi kwamba naipendelea. Kioo chake hupokea vidole kumi na kimoja, na vibonye ni vipana kiasi cha kutoshea vidole vya mtu mzima. Kwa mwenye kompyuta ya Mac, programu ya Logic Remote hupiga GarageBand moja kwa moja. Kwa mwenye Windows, programu ya bure ya rtpMIDI humaliza kazi kwa njia ya Wi-Fi. Usisahau kuzima ishara za vidole vinne na vitano, la sivyo utahamishwa kwenye programu nyingine katikati ya kiitikio. Chukua ya 2018 au mpya zaidi, maana iPad Air ya 2013 imekwama kwenye mfumo wa iOS 12 na programu nyingi sasa zinaikataa.

Ya pili ni vishikwambi vya Samsung vya Galaxy Tab A; nilivyovipima vilisoma vidole kumi, na waya wa USB ukichaguliwa kutumika kama MIDI, unakuokoa siku Wi-Fi inaposumbua. Ya tatu ni kinanda halisi, Korg microKEY Air, kinachotumia bluetooth na betri mbili ndogo. Kinahisi nguvu ya kidole, jambo ambalo kioo hakiwezi, na anayetaka ngoma za sindimba zipande na kushuka ataona tofauti mara moja. Nimekishusha kwa sababu tu ni lazima kiagizwe kutoka mbali. Simu za bei ya chini zinafaa kujaribia sauti moja moja, basi.

Bei za hapa mjini zinaniudhi. Kishikwambi kilichotumika huongezewa kile wanachokiita nauli ya kutoka Dar es Salaam, ilhali kimekuja ndani ya mzigo mmoja na makava ya simu, na ukiomba kufungua mipangilio unaambiwa ukigusa umenunua. Duka moja liliniuzia iPad iliyofungwa na akaunti ya mwenye mali wa kwanza, kisha likataka nilipe tena ili ifunguliwe. Mtake muuzaji aifute yote na kuiwasha upya mbele yako. Ikiomba nenosiri la mtu usiyemjua, hela yako isitoke mfukoni.