Tahakiki: Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani

Kabla ya kutambulika nje ya Kenya kama mtunzi wa riwaya, Peter Kimani alikuwa mwanahabari ambaye jina lake wasomaji wa magazeti ya Nairobi walilizoea. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 2002, lakini ni hii, iliyochapishwa na Akashic Books ya New York mwaka wa 2017, iliyomfikisha katika orodha ya vitabu mashuhuri vya mwaka huo ya gazeti la New York Times. Nimeisoma nikitaka kujua iwapo kazi ya uripota ilimjenga mtunzi huyu au ilimfunga mikono, na nimeridhika kwamba ilimjenga.

Hadithi inahusu reli. Vitabu vya historia hutuambia kwamba ujenzi ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, kwamba vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kwamba wapatao 2,500 kati yao walifia kazini. Kimani hatupi hesabu hizo kwanza. Anaanza na wanakijiji wanaokurupushwa na mngurumo wanaoudhania kuwa tetemeko la ardhi, kisha wanaliona dude mfano wa nyoka likitambaa bondeni. Msomaji aliyelelewa na simulizi za utabiri wa Mugo wa Kibiru kuhusu nyoka wa chuma atajihisi yuko nyumbani tangu ukurasa huo.

Wanaume watatu wanabeba kisa: fundi Babu Salim kutoka Punjab, mhubiri Richard Turnbull, na Ian McDonald, mtawala wa kikoloni. Wote watatu wanahusishwa na kuzaliwa kwa mtoto mmoja, na fununu za jambo hilo zinawaandama hadi mwaka wa uhuru, 1963, wakati Rajan, mjukuu wa Babu ambaye ni mwimbaji, anapobusiana gizani na mwanamke asiyemjua katika hoteli ya Jakaranda karibu na Nakuru. Hapa ndipo uripota wa Kimani unapong'aa. Anaushughulikia ukoo wa mtoto huyo kama kesi yenye mashahidi wanaopingana: kila mmoja anapewa nafasi ya kusikika, uvumi wa kijijini unapimwa kwa uzito uleule wa neno la mkoloni, na hukumu inacheleweshwa hadi ushahidi utimie. Hata McDonald, ambaye ingekuwa rahisi kumfanya shetani, tunamwona akijenga jumba la fahari kwa ajili ya mke asiyemtaka. Aliyewahi kuzuru kasri la Lord Egerton huko Njoro, na kusimuliwa jinsi lilivyojengwa kwa ajili ya mwanamke aliyelikataa, atajua hadithi za namna hiyo zina mizizi katika ardhi ileile.

Kasoro zipo. Mara kwa mara msimulizi anasimama kufafanua jambo ambalo Mkenya amelifahamu tangu shule ya msingi, kama kwamba mhariri amedai aya ya usuli, na mwendo wa kisa unadorora. Linalonisikitisha zaidi ni wanawake. Mariam, mwanamke wa lile busu, ndiye anayeamsha siri zote, lakini ni nadra kuingizwa katika mawazo yake. Fatima, mke wa Babu, naye alistahili nafasi kubwa zaidi ya aliyopewa. Mwandishi aliyewasikiliza wanaume watatu kwa subira kiasi hicho angeweza kuwasikiliza na wanawake hawa.

Naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa walimu wa historia na kwa familia zenye asili ya Kihindi ambazo babu zao walikuja na reli na ambazo fasihi yetu imeziandika kwa uchache. Kiingereza chake hakitamtatiza aliyemaliza kidato cha nne. Ila masimulizi yanaruka kutoka enzi ya ujenzi wa reli hadi 1963 na kurudi tena, kwa hiyo ni vyema kuisoma kwa mfululizo, bila kuiweka kando kwa majuma.