Epson V600 na picha iliyoganda kwenye kioo

Kasha la bibi lilikuwa na picha zaidi ya 1,100, lakini skana hii niliinunua kwa sababu ya moja tu: picha ya arusi yake na babu, iliyotundikwa ukumbini miaka mingi mpaka unyevu wa Unguja ukaigandisha kwenye kioo cha fremu.

Picha ya namna hiyo haibanduliwi. Utando wake wa juu ni jelatini. Ukipata unyevu hushikana na kioo, na ukivuta, sura inabaki kiooni. Kuna fundi mmoja niliyempa picha ya mjomba yenye tatizo hilohilo. Aliibandua, akanirudishia mjomba asiye na uso. Mpaka leo inaniuma.

Kwanza nilijaribu mashine ya ofisini, zile nyembamba za kuchapisha na kuskani. Picha ikatoka ukungu mtupu. Skana nyingi nyembamba ni za CIS, aina ya kihisi kinachokaa karibu kabisa na kioo, nazo huona sawasawa kile tu kilichogusa kioo chao. V600 ni ya CCD, aina nyingine ya kihisi, na ina lenzi, kwa hiyo hata kitu kilichoinuka milimita mbili tatu hukiona. Nikatoa picha pamoja na kioo chake kwenye fremu, nikailaza kifudifudi. Mara ya kwanza zilitokea duara za rangi, kama mafuta juu ya maji, kwa vile vioo viwili viligusana. Nikapachika vipande vyembamba vya karatasi kwenye kingo kuvitenganisha, zikaondoka.

Nilimwonyesha bibi kwenye kompyuta, nimeikuza. Akanyoosha kidole kifuani pake mwenyewe pichani: "Hicho kikuba alinitungia dada yangu asubuhi ile." Mimi sikuwahi kujua kama kuna kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, pale.

Zilizobaki zilikuwa kazi ya subira. Nilizipanga nne nne juu ya kioo, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), faili za TIFF, zisizopunguza ubora wa picha. Picha ya inchi 4 kwa 6 hula megabaiti 26 hivi, basi andaa diski kubwa. Kishikio cha negativu za milimita 35 huchukua picha 12 kwa mkupuo. Digital ICE, teknolojia iliyomo kwenye skana hii inayotafuta vumbi na mikwaruzo kwa miale ya infraredi, imenisaidia sana kwenye negativu za rangi. Kwa zile za nyeusi na nyeupe izime, maana fedha iliyomo kwenye filamu huizuia miale hiyo. Hapo ni brashi laini na mkono mtulivu.

Tafadhali, skani na migongo. Nyuma ya picha zetu kuna mihuri ya studio, mingine ya Capital Art Studio ya Barabara ya Kenyatta, iliyofunguliwa 1930, pamoja na tarehe za kalamu ya risasi na salamu za watu waliokwisha kufariki. Nilipolinganisha mihuri na miandiko nikajua ipi ilitangulia ipi, hata pale ambapo bibi mwenyewe alishasahau.

Majina nayaandika kwa digiKam, programu ya bure, ambayo huyaingiza ndani ya faili lenyewe; picha ikihamishwa, jina linakwenda nalo. Kwa jamaa wasiokubali picha itoke nyumbani kwao nilitumia PhotoScan, programu ya simu ya Google. Haifikii skana, ila huondoa mng'ao vizuri. Nakala ziko tatu: kompyuta yangu, diski kabatini, na diski nyingine kwa binamu yangu Maskati.

Imenichukua miezi mitano. Mashine ina kasi ya kutosha. Kilichochukua muda ni kukaa na bibi baada ya alasiri, picha ishirini kwa siku, maana zaidi ya hapo huchoka. Imebaki bahasha moja yenye picha 31 za watu asiowakumbuka. Nilizituma Maskati, na juzi shangazi amewatambua wawili.