Kinyesi cha kunguru kwenye gari: ununue nini kwanza, uache nini dukani

Gari langu ni IST nyeusi, na hakuna rangi inayoteseka kama nyeusi ukiwa unaegesha Dar es Salaam. Saa saba mchana boneti haishikiki. Mwaka juzi niliiacha chini ya mkungu toka asubuhi, narudi saa kumi nakuta kunguru wameshamaliza shughuli zao: doa la upana wa kifuniko cha chupa ya maji, katikati ya boneti, limekauka hadi likapasuka nyufa kama tope la kiangazi. Kijana wa kuosha magari akaniambia, "Bosi, hiyo inatoka sasa hivi," akashika stilwaya. Ikatoka kweli. Ikatoka na klia yake, ule utando usio na rangi unaopigwa juu ya rangi yenyewe.

Tangu siku hiyo nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa ajili ya tatizo hili, na vingine nimejuta. Nimevipanga hapa kwa kuangalia hela yako ya kwanza iende wapi. Kilicho ghali zaidi hakijashika namba moja.

Kwanza ujue unapambana na nini. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi ndiyo mkojo wa ndege. Ndege hakojoi pembeni kama sisi. Figo zake hutoa asidi ya yuriki, uji mweupe unaotoka pamoja na choo. Wengi huishia hapo, kwamba asidi inakula rangi. Lakini jua nalo lina mkono wake. Klia hulainika na kutanuka kidogo bati likipata moto, wakati kinyesi kinakauka na kuwa gamba gumu juu yake. Jioni bati likipoa, klia hujikaza kulizunguka lile gamba na kushika umbo lake. Ukilibandua unakuta alama, kama unyayo kwenye saruji mbichi. Kwa hiyo doa la saa nne asubuhi lililoachwa hadi alasiri ni baya kuliko la usiku lililofutwa alfajiri. Na hiyo klia unayoitegemea, mara nyingi ina maikroni 40 hadi 50 tu. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo.

1. Chupa ya kupulizia na vitambaa viwili

Hiki ndicho cha kununua leo, na kinakaa ndani ya gari, si stoo nyumbani. Dukani ulizia kwiki diteila, dawa ya kupulizia inayolainisha uchafu na kuufanya uteleze bila kukwaruza. Meguiar's, Sonax na Turtle Wax zote wanazo, na chupa moja kwa kawaida haizidi bei ya lita kumi za petroli. Angalia tu usiuziwe dawa ya vioo: nyingine zina amonia, na hazina ule utelezi unaoutaka.

Kama mfuko hauruhusu, tengeneza yako. Nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha bikaboneti ya kupikia, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Chembe isiyoyeyuka ni mchanga mwingine. Mimi nilitumia hii miezi mitano kabla sijanunua ya dukani, na kwa doa bichi sikuona tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye doa kavu.

Vitambaa viwe vya maikrofaiba, vile vyenye manyoya mafupi mazito. Kimoja ni kama bei ya chipsi mayai. Tisheti kuukuu iache, na tishu ya chooni iache zaidi.

Sasa namna ya kufuta, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Sogeza gari kivulini, boneti ipoe kidogo. Puliza dawa mpaka doa lilowe kabisa, kisha laza kitambaa chenye maji juu yake, uende zako dakika tano. Usikiguse. Ukirudi, kibonyeze taratibu na kukinyanyua, kama unavyonyanyua chapati isichanike. Kunja upande safi, rudia. Usisugue kwa mduara. Ndege hatafuni kwa meno. Firigisi yake ndiyo inayosaga, na njiwa hasa humeza changarawe kwa kazi hiyo. Kunguru anakula jalalani, kwa hiyo humo ndani unaweza kukuta mchanga, vipande vya mfupa, hata maganda ya mayai. Ukisugua umejitengenezea msasa. Ukimaliza nawa mikono, na gamba kavu usilipulize kwa mdomo. Vumbi lake si la kuvuta.

2. Nta, au silanti kama una subira

Nta haizuii asidi milele. Inakununulia saa chache, na saa chache ndizo unazohitaji kati ya kazini na nyumbani. Nta nzuri ya kopo ina karnauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Inang'aa vizuri, ila kwa jua letu usiitegemee zaidi ya wiki sita au nane. Silanti, kinga inayopakwa kama nta ila ya kemikali za kiwandani, hukaa miezi mitatu hadi sita na bei yake haijapishana sana. Mimi nilihamia silanti, kwa sababu najijua: Jumamosi ya kupaka nta huwa inaishia kwenye mpira.

Kipimo ni rahisi. Mwagia boneti maji. Yakikusanyika matone ya mviringo na kukimbia kama kwenye jani la magimbi, kinga ipo. Yakitanda na kulala, hakuna kitu hapo.

Jambo moja kwa wanaoosha kwa watu: ile spreyi ya mwisho wanayokupigia gari likamelemeta mara nyingi ni silikoni ya dashibodi. Inapendeza siku mbili, inashika vumbi siku ya tatu. Na wakiosha kwa sabuni ya unga au ya vyombo, nta yako inaondoka na povu. Mimi huenda na shampuu yangu ya gari kwenye kichupa. Wananicheka, nawaacha wacheke.

3. Polishi laini, kwa mwenye alama tayari

Pitisha kucha juu ya alama. Isipokwama, kuna matumaini. Kabla ya kununua chochote, jaribu joto: drayer ya nywele kwa umbali wa shubiri moja, dakika mbili tatu, bila kuitulizia sehemu moja. Alama ya juujuu wakati mwingine hufunguka yenyewe, kwa sababu klia ikipata moto hulegea tena. Yangu moja ya kwenye buti ilipotea hivyo, nikabaki nimeduwaa na drayer ya mke wangu mkononi.

Isipotoka, nunua polishi ya kumalizia, ile laini kabisa, upake kwa mkono kwenye sponji. Kompaundi, ile polishi kali ambayo mafundi wetu wanaikimbilia kwanza, iwe ya mwisho. Zote mbili zinafanya kazi kwa kupunguza klia, na klia hairudi. Na kama kitambaa kinabadilika kuwa na rangi ya gari lako, simama: ama gari ni la zamani lisilo na klia, au klia imekwisha na unasugua rangi yenyewe.

Kucha ikikwama, okoa hela yako ya polishi. Nenda kwa fundi rangi akupigie klia upya kwenye boneti nzima. Kiraka cha sehemu moja kitaonekana mpaka siku ya kuuza.

4. Kava la gari

Najua wengi mngeliweka namba moja. Kwa gari linalolala uani wiki nzima bila kutoka, sawa, na liwe lile zito lenye kitambaa laini ndani. Lakini kava jembamba la rangi ya fedha linalouzwa barabarani kwenye foleni linakatika kwa jua baada ya miezi michache. Kabla halijakatika, upepo unalipiga juu ya vumbi lililoko kwenye bodi, na vumbi linakwaruza usiku kucha. Kava linafunika gari safi na kavu tu. Nani anaosha gari kila jioni ili alifunike? Kwa safari za mchana za mjini, hata hulitoi kwenye buti.

5. Seramiki na filamu ya kulinda rangi

Seramiki ni tabaka gumu linalodumu mwaka hadi mitatu likipakwa vizuri, na linakula laki kadhaa. Uchafu unateleza kirahisi kweli. Ila usidanganywe na ile "9H" ya kwenye tangazo. Ni kipimo cha ugumu wa penseli, na kinyesi hakiandiki kwa penseli. Kikikaa juani mchana kutwa, seramiki nayo inapata alama. Kwa IST ya 2005 sioni hesabu yake. Kwa gari jipya nyeusi, labda.

Filamu ndiyo kinga halisi, kwa kuwa asidi inaishia kwenye plastiki. Bei yake ni ya milioni. Mwenye Land Cruiser mpya abandike boneti na paa tu, ambako ndiko kunakodondokewa zaidi.

Vya kuacha dukani, na mahali pa kuegesha

Stilwaya nimeshaisema. Petroli na thina ndiyo kabisa. Mengine yanategemea unapoegesha, na hapo hulipi kitu. Kunguru wa Dar, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, hurudi kulala kwa makundi jua linapozama. Mti ulio kimya saa nane mchana unaweza kuwa bweni saa kumi na mbili. Tazama chini kabla hujatazama kivuli: lami ikiwa na madoa meupe, ondoka. Chini ya mkungu wenye matunda ongeza na popo, wanaodondosha usiku. Waya za umeme ni hivyohivyo. Na wenzetu wa Kampala wanaoegesha chini ya kaloli, korongo wale wakubwa wa jalalani, wao naona waruke moja kwa moja hadi namba tano.

Nilinunua pia bundi wa plastiki wa kutishia ndege, nikamsimamisha kwenye ukuta wa maegesho. Siku mbili za kwanza kunguru walimzunguka kwa kelele. Siku ya tatu nilikuta mmoja amekaa juu ya kichwa chake, na bundi mwenyewe ana mstari mweupe mpaka kwenye mdomo.