Texas: kiti cha umeme na sindano, ipi afadhali?

Kwa kuwaua waliohukumiwa kifo, watu wanasema sindano ya sumu ni ya kistaarabu zaidi, mi naona inategemea unaangalia nini. Zamani Texas kila kaunti ilinyonga watu wake yenyewe, alafu 1924 kiti cha umeme kikaanza kazi gereza la Huntsville, na usiku wa kwanza tu wakauawa watano, yaani hawakutaka hata kuanza taratibu. Kiti chenyewe cha mbao kiliundwa na wafungwa (hebu fikiria upewe useremala huo!), mikanda ya ngozi kila mahali, na mpaka 1964 kilikuwa kimeshaua 361. Saa hizi kiko makumbusho hukohuko Huntsville, watalii wanakishangaa.

Sindano sheria yake ilipita 1977, wa kwanza akawa Charles Brooks, Desemba 1982, wa kwanza Marekani nzima. Hamna moshi, mtu anafungwa kitandani kama anasubiri daktari. Kwa shahidi aliyekaa upande wa pili wa kioo hiyo ni nafuu sana, ila kwa serikali ndo usumbufu: umeme haukosekani, dawa kampuni zinagoma kuuza, ndo maana zilikuwa tatu na tangu 2012 wanatumia moja tu, pentobabitali, dawa ya usingizi inayoua ikizidishwa.