Kununua dola na kungoja ipande: tunavyoipima biashara hii kwa mtu wa Lubumbashi

Watu wengi wa Lubumbashi wanachanganya vitu viwili wanaposema "nimeweka makuta (pesa) kwa dola". Mmoja anaweka dola kwa sababu mwenye nyumba anadai dola, garanti ya nyumba inahesabiwa kwa dola na minerivali ya mtoto, yaani karo ya shule, imeandikwa kwa dola. Mwingine analipwa franka, anakula kwa franka na madeni yake ni ya franka, lakini ananunua dola akitumaini kwamba baada ya miezi mitatu ataiuza kwa bei ya juu na kubaki na faida. Wa kwanza anajikinga. Wa pili anabashiri. Tunayoipima hapa ni biashara ya huyu wa pili, na tunaipa nyota mbili kati ya tano. Hata hizo mbili zinapatikana kwa miaka fulani tu.

Hasara ya kwanza inazaliwa kwenye meza ya kambisti, yule mbadilishaji wa pesa, kabla bei haijasogea hata kidogo. Kambisti ana bei mbili: anayonunulia dola yako na anayokuuzia dola yake. Wengi wanauliza moja tu. Muulize zote mbili, kwa mpangilio huu: "Papa, leo unanunua ngapi? Na unauza ngapi?" Tuchukue mfano wa meza inayouza dola kwa franka 2,320 na kuinunua kwa 2,260. Ukinunua dola 1,000 unatoa franka 2,320,000. Ukigeuka papo hapo na kuzirudisha, unapewa 2,260,000. Umeacha franka 60,000 mezani, yaani kama asilimia 2.6. Ili urudishe mtaji wako tu, bei ya kambisti ya kununua lazima ipande kutoka 2,260 mpaka 2,320. Mtu anayesikia kwamba dola imepanda franka 40 na kushangilia bado yuko ndani ya hasara.

Ndiyo maana anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa anamfanyia kazi kambisti. Kambisti hapati pesa kwa kubashiri. Anazipata kwa kugeuza mtaji ule ule mara nyingi kwa siku, na kila mzunguko unamwachia lile pengo kati ya bei zake mbili. Wewe unageuza mara moja na unalilipa.

Je, kungoja kwa muda mrefu? Hapa hesabu inabadilika, na vipindi viwili vinatosha kuonyesha pande zote. Mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Aliyekuwa na franka milioni moja angeweza kununua dola kama 1,075 wakati ule. Aliyezilaza kama franka mpaka mwisho wa 2017 alibaki na thamani ya dola kama 625. Miaka kama hiyo ndiyo iliyofundisha mji mzima kukimbilia dola, na somo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Wazee wanakumbuka mabaya zaidi: mwaka 1993 zaire (pesa ya nchi wakati ule) milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa kwa kuipenda noti ya kijani.

Halafu ukaja 2025. Mwaka ulianza dola ikiwa karibu 2,850. Katika miezi ya mwisho Banki Kuu ya Kongo ilibana franka na kuuza dola sokoni, na bei ikaporomoka chini ya 2,400 ndani ya wiki chache. Chukua aliyenunua dola 1,000 kwa 2,850 akaziuza kwa 2,300: alitoa franka 2,850,000, akapokea 2,300,000. Franka 550,000 zimekwenda, zaidi ya asilimia 19. Wengi waliuza kwenye siku mbaya kuliko zote, kwa hofu, kwenye foleni, wakati kambisti naye aliogopa kubaki na dola mkononi na akapanua pengo lake ili ajilinde. Hilo likumbukwe: siku bei inapokimbia, pengo linapanuka. Bei uliyoisoma asubuhi kwenye ubao wa Banki Kuu, ambayo ni ya kielelezo tu, haimlazimishi mtu wa mezani kukupa hiyo.

Jambo moja liliwauma sana watu kipindi kile, na tunaona ni haki lisemwe. Franka ilipopata nguvu, bei ya unga, mafuta ya kula na gunia la makala (mkaa) haikushuka kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo aliyelipwa mshahara wa dola na kula kwa franka alipunguziwa nguvu ya kununua bila kubashiri chochote. Aliyekuwa na dola za kulipa nyumba ya dola hakupoteza kitu: dola 200 za nyumba zilibaki dola 200. Ndiyo sababu njia ya kuweka dola kwa ajili ya deni la dola tunaipa nyota nne. Kanuni inayofanya kazi ni kupatanisha mfuko na deni. Hesabu miezi mitatu mbele: nyumba, shule, bidhaa unayoagiza. Kinacholipwa kwa dola kiweke kwa dola, na pesa za bukari (ugali) na usafiri ziache kwa franka. Kinachobaki baada ya hapo ndicho unachoweza kukijadili.

Na hicho kinachobaki kisilale chini ya godoro kwa jina la uwekezaji. Noti ya dola haizai. Nayo inaliwa pia: Marekani kwenyewe, Juni 2022, bei zilikuwa zimepanda asilimia 9.1 kwa mwaka. Hata kwa mwendo mpole wa asilimia 3, dola 100 iliyolala miaka kumi inanunua kitu cha dola 74 hivi. Akaunti ya dola ya benki inaweza kuwa afadhali kama ni amana ya muda yenye riba, lakini kabla ya kutia saini uliza mambo manne: ada ya kila mwezi ya akaunti, ada ya kutoa pesa dirishani, adhabu ya kuvunja amana kabla ya siku yake, na kama watakulipa kwa noti za dola au kwa franka siku unapohitaji. Kwa mtu mwenye dola 300, ada za mwaka mzima zinaweza kumeza riba yote.

Kuna wanaoelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kama kilomita 90, wakiamini kwacha ndiyo siri. Kwacha ni pesa nzuri kwa anayeleta unga kutoka Zambia, maana anainunua ili ailipe. Kwa mbashiri, hesabu ni mbaya. Dola yako inageuzwa kwacha, kwacha franka, franka dola tena. Kila meza ikikata asilimia 2, dola 100 inarudi 94, na teksi bado haijalipwa. Bei nayo inayumba: mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa karibu kwacha 28, mwisho wa mwaka chini ya 24. Halafu noti zenyewe. Tarehe 31 Machi 2025 Zambia ilitoa noti mpya, zikiwemo za kwacha 200 na 500, na ikawapa watu mwaka mmoja wa kutumia za zamani pamoja nazo. Kwa hiyo ukipewa kwacha pembeni ya mpaka, angalia kwanza ni toleo gani kabla ya kuangalia idadi. Anayekupunguzia bei sana huenda anaondoa mzigo wa zamani.

Kuhusu dinari ya Irak, inayouzwa kwenye makundi ya simu kwa ahadi kwamba "itarudishwa thamani yake": nyota sifuri. Ahadi inasema dinari moja itarudi kuwa dola 3 na kitu kama miaka ya 1980. Piga hesabu mwenyewe. Dinari zilizo mikononi mwa watu zinahesabiwa kwa makumi ya trilioni. Hata trilioni 20 tu, mara dola 3, ni dola trilioni 60, yaani kama mara mbili ya kila kitu ambacho Marekani inazalisha kwa mwaka mzima. Nani atazilipa? Kilichotokea kweli ni hiki: dola moja ilikuwa dinari 1,190, Desemba 2020 Irak ikashusha pesa yake hadi 1,450, na Februari 2023 ikaipandisha kidogo hadi 1,300. Aliyenunua dinari za dola 1,000 kwa bei ya zamani leo ana kama 915 kwa hesabu ya karatasi. Kwa mkono, Lubumbashi, hana kitu, kwa sababu hakuna meza kuanzia soko la mtaa wa Kenya mpaka katikati ya mji itakayomnunulia. Hicho ni kipimo chepesi cha pesa yoyote ya mbali: kabla hujanunua, tembea kwa kambisti watatu ukaulize watainunua kwa ngapi. Wakikutazama tu, umepata jibu. Na anayekuambia kwamba kufuta sifuri kwenye pesa kutakutajirisha, mwulize 1993 ilimtajirisha nani.

Majukwaa ya kubashiri bei za pesa kwa simu yanastahili maneno machache zaidi, kwa sababu yanawavuta vijana. Unaweka dola 100. Jukwaa linakuruhusu kushika nafasi, yaani dau lililo wazi, la mara 500 ya dhamana, yaani pesa yako inayoshikwa. Unafungua nafasi ya euro 10,000. Euro ikiwa dola 1.10, dhamana inayoshikwa ni dola 22 tu, na unajiona umebaki na nyingi. Lakini kila bei inaposogea kwa 0.0001, dola moja inaingia au inatoka. Euro inaweza kusogea 0.0060 kwa siku ya kawaida kabisa. Hizo ni dola 60, zaidi ya nusu ya mtaji wako, na bei ikiendelea kidogo tu upande ule ule, nafasi yako inafungwa yenyewe kabla bei haijapata muda wa kurudi ulikotabiri. Ongeza pengo la kuingilia na ada ya kila usiku unaolala na nafasi wazi. Mamlaka ya masoko ya Ulaya mwaka 2018 ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara ya aina hii zinapoteza pesa, ikaweka kikomo cha mara 30 kwa sarafu kuu za dunia. Anayekupa mara 500 anakupa kile ambacho Ulaya ilikikataza kwa raia wake. Na yule anayesema "nipe dola zako nikufanyie, utapata asilimia 20 kwa mwezi" si mbashiri hata kidogo: anamlipa wa kwanza kwa pesa ya wa pili.

Kama bado unanunua dola, kwa nyumba au kwa shule, nunua vizuri. Kambisti wa hapa anakataa noti iliyochanika hata milimita mbili, iliyoandikwa kwa kalamu au yenye muhuri, ingawa Marekani haijawahi kufuta noti zake za zamani. Kwa hiyo usipokee kwake kile ambacho kesho atakikataa kwako. Noti ya 100 ya buluu, iliyotoka Oktoba 2013, ina utepe uliofumwa ndani ya karatasi: ichezeshe mbele na nyuma, kengele ndogo ndani ya utepe zinageuka kuwa tarakimu 100. Tarakimu 100 ya kona ya chini kulia inabadilika kutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Pitisha ukucha kwenye bega la Franklin, utahisi mikwaruzo. Inue kwenye mwanga, uso wake wa pili unatokea upande wa kulia.

Ukiuza, hatari iko kwenye franka. Dola 100 kwa 2,260 ni franka 226,000. Kwa noti za 500 hizo ni noti 452, mabunda manne na nusu yenye mpira. Fungua kila bunda. Noti iliyokunjwa katikati inahesabika mara mbili kwa anayehesabu ncha moja tu, basi hesabu ncha moja, geuza, hesabu ya pili. Dola yako ibaki mkononi mwako mpaka umalize. Na kambisti akisema "leta nihakikishe" akachukua bunda ulilokwisha kulihesabu, likirudi lihesabu upya tangu noti ya kwanza, hata kama watu nyuma yako wanakuharakisha.