Uzoefu wangu na FamilySearch: babu wa mume wangu na ukurasa uliochanwa kwenye Biblia

Mume wangu ni mwenyeji wa Massachusetts, Marekani, mimi natoka Tanga. Mwanetu wa miaka tisa aliponiuliza ukoo wa baba yake umeanzia wapi, nilikwama. Upande wangu namtajia mababu watano bila kupumua. Upande wa pili mama mkwe alikuwa na jina moja tu, la babu aliyepigana vita vya uhuru dhidi ya Waingereza.

Nilianza na tovuti moja ya kulipia. Nikakuta mti wa ukoo uliojengwa na watu wengine, unasema babu alizaliwa 1757. Nikaunakili wote, tena kwa furaha.

Baadaye jirani akanielekeza FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo. Ni bure, unafungua akaunti tu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wenye maktaba kubwa ya nasaba pale Salt Lake City. Ninachoipendea ni kwamba unasoma picha ya hati yenyewe, si maneno ya mtu aliyeisoma kabla yako. Sensa haikunifikisha mbali: ile ya kwanza, ya 1790, imeandika jina la mkuu wa kaya, waliobaki ni idadi. Mke na watoto walianza kutajwa kwa majina 1850.

Hazina ilikuwa kwenye mafaili ya pensheni. Sheria ya 1838 iliwapa pensheni wajane wa askari wa vita vile walioolewa kabla ya 1794, ila ndoa ilitakiwa ithibitishwe. Bibi yetu hakuwa na cheti. Akachana ukurasa wa kumbukumbu kwenye Biblia iliyotoka kwa wakwe zake, akautuma serikalini. Haukurudi, ndiyo maana leo nausoma.

Nilikaa nao hadi saa saba usiku, nikizoea ile s ndefu ya maandishi ya zamani, inayofanana na f. Mstari wa tatu: mtoto wa 1757, na pembeni, kwa wino uliofifia, amefariki 1759. Mstari wa nne: mtoto wa 1760, jina lile lile. Wazazi wa enzi zile walikuwa na desturi ya kumrithisha mdogo jina la marehemu. Babu yetu ni huyu wa nne, aliyeingia jeshini na miaka 16.

Nilimchapishia mama mkwe. Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu, akaniuliza, "Huyu alizikwa wapi, mwanangu?" Namtafuta sasa kwenye vitabu vya vizazi na vifo vya mji.